Toyota tu, au gari lenyewe? Majibu kwa wasomaji wa Tanga

Barua nyingi tulizopokea safari hii kutoka Tanga mjini, Muheza na Lushoto zinauliza mambo yanayokaribiana: jina gani la gari ni la kuaminiwa, na pesa iende Japani au iishie kwa muuzaji wa hapahapa? Tumechagua tano. Msimamo wetu tunausema mapema: jina lililoko kwenye boneti linakurahisishia spea, fundi na mnunuzi wa baadaye. Halikuambii gari ulilosimama mbele yake limetunzwaje.

SWALI: Shikamooni. Nimetafutiwa Subaru Trezia ya mwaka 2012, injini ya 1500. Mume wangu amegoma kabisa, anasema kwake haiingii Subaru. Anataka Toyota Ractis ya mwaka huohuo, ambayo muuzaji anaiuza ghali zaidi. Yupi kati yetu yuko sahihi? – Mama Mwalimu, Muheza

JIBU: Marahaba, Mama Mwalimu. Mwambie baba watoto kwamba hiyo Trezia ni Toyota. Ractis ya toleo la pili na Trezia zilitoka pamoja mwaka 2010, zote zikitengenezwa na Toyota, na Subaru akauza ya kwake kwa jina lake. Fungueni boneti ya Trezia ya 1500 mtakuta injini ya 1NZ-FE, ileile iliyo kwenye IST na Probox nyingi zinazozunguka hapo Muheza kila siku. Kisha someni kibao cha chasisi: Ractis ya injini hiyo inayoendeshwa na magurudumu ya mbele imeandikwa NCP120, Trezia NCP120X. Ukimpelekea muuza spea namba ya chasisi, atakupa pedi za breki, plagi, bushi, shokapu na pampu ya maji zilezile za Ractis. Oili ya injini ni lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa zote mbili.

Zinatofautiana usoni. Bampa la mbele, grili na taa za mbele za Trezia ni zake peke yake, na hapo ndipo mtu anapoumia akigonga, maana taa hiyo inaweza kuagizwa Dar es Salaam na kusubiriwa. Kabla hamjalipa, pigeni simu Gerezani au Kariakoo muulize bei ya taa moja ya mbele ya Trezia. Jambo la pili ni siku ya kuuza. Mnunuzi wa Tanga akisikia Subaru atashusha bei, hata mkimwonyesha injini. Kwa hiyo punguzo atakalolitaka yeye mlitake ninyi leo. Kama gari litakaa nyumbani miaka mitano, chukueni Trezia. Kama mnajua mtaliuza mwakani, baba watoto ana hoja, ingawa hoja yenyewe ni ya soko.

Pacha kama hizi zipo nyingi na wauzaji hawazisemi. Daihatsu Boon ni Toyota Passo. Daihatsu Be-go ni Toyota Rush, na aliyeitengeneza Rush ni Daihatsu. Mazda Familia ya mizigo ilikuwa Nissan AD kwa miaka mingi, na tangu 2018 ni Probox.

Lakini tafadhali, msiyachukue haya mkaenda kununua Forester kwa imani hiyohiyo. Forester ni Subaru kweli. Yenye chasisi ya SH5 ina EJ20, injini ya silinda zilizolala inayozungushwa na mkanda wa taimingi. Mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000, pamoja na tensheni, roli zake na pampu ya maji, kwa sababu roli chakavu ikikwama inaukata hata mkanda uliofungwa jana. Ukikatika, pistoni zinagonga valvu, na injini hiyo ina silinda hedi mbili za kufungua. Muuzaji asipoweza kuonyesha lini mkanda ulibadilishwa, hesabuni kwamba haujabadilishwa na mtoe gharama hiyo kwenye bei. Yenye chasisi ya SHJ ina injini ya FB20 na inatumia cheni, na kwa mtu asiye na fundi wa Subaru karibu tungependelea hiyo.

Upande wa Toyota nao si wote wa kubebwa kwa jina. Noah ya AZR60, iliyotengenezwa 2001 hadi 2007, ina injini ya 1AZ-FSE ambayo mafundi wanaiita D4. Petroli inapulizwa kwa presha kubwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingizia hewa hazipati petroli ya kuzisafisha. Masizi yanaganda, gari linatetemeka likiwa limesimama, na pampu ya presha ikichoka bei yake inashtua. Noah iliyofuata, ZRR70, ina 3ZR inayopuliza petroli kwenye menifoldi kwa njia ya kawaida. Zote ni Noah, zote ni Toyota, na mafundi wanazijua tofauti zake.

SWALI: Habari za kazi. Nataka IST na siyumbi. Nimechanganyikiwa tu: niagize Japani au nichukue iliyotumika nchini, namba D? Rafiki zangu wanasema gari la namba D ni kimeo. – Kijana wa Makorora, Tanga

JIBU: Mdogo wetu, anza na kodi, kwa kuwa ndiyo inayoamua. Tuchukue mfano wa gari la injini kati ya cc 1000 na 2000, ambalo TRA wamelithamini shilingi 10,000,000 pamoja na bima na nauli ya meli. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani 2,500,000, na jumla inakuwa 12,500,000. Juu ya jumla hiyo kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, ambao ni 625,000. Gari likiwa na zaidi ya miaka 10 linaongezewa asilimia 30 kwa sababu ya umri: 3,750,000. Mwisho VAT ya asilimia 18 juu ya vyote, 3,037,500. Kodi peke yake imefika 9,912,500. Umelipia gari mara mbili, na hapo hujahesabu tozo ndogondogo, bandari, wakala wa forodha na usajili.

Gari la thamani hiyohiyo lenye umri chini ya miaka 8 haliguswi na ile asilimia 30. Kodi yake inatoka 5,487,500. Kwa hiyo gari changa lililothaminiwa kama milioni 12 na laki 8 linakufikia kwa pesa ileile ya gari zee la milioni 10. Lenye umri wa miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15. Injini isiyozidi 1000 haina ile asilimia 5. Viwango vinaweza kubadilika kwenye bajeti ya kila mwaka, hivyo pitisha gari lako kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata senti, na ukumbuke kwamba TRA wanatumia thamani iliyoko kwenye mfumo wao. Ankara ya muuzaji ikiwa ya chini, kodi haishuki nayo.

IST ya kwanza ilitengenezwa 2002 hadi 2007. Hakuna hata moja inayokwepa asilimia 30. Ndiyo maana kwa IST hiyo ushauri wetu ni mmoja: nunua ya hapa nchini, kwa sababu kodi hiyo mwenzako ameshailipa zamani. Kuagiza tunakushauri pale unapotaka gari la chini ya miaka 8, na ukiagiza dai vitu viwili. Cha kwanza ni karatasi ya mnada. Alama ya 4 au 3.5 ni gari la kawaida lililotunzwa. R au RA ni gari lililogongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, S na C ni kutu, na kwa anayekuja kuishi pwani hizo zimtie shaka kuliko mikwaruzo. Cha pili ni cheti cha Japani cha kufuta usajili ili gari litoke nje. Humo zimeandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa serikali. Zilinganishe na za kwenye deshibodi gari likifika.

Sasa namba D. Herufi inaeleza lini gari lilisajiliwa Tanzania, basi. IST ya 2004 yenye namba D na ya 2004 yenye namba E ni za umri mmoja. Ya pili imeonja barabara zetu kwa muda mfupi zaidi. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi.

Siku ya kukagua, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa injini, ikiwa ya moto, ujue kuna kitu kinafichwa kwenye kuwaka asubuhi, rudi kesho. Fungua kifuniko cha oili uangalie kwa chini yake: uji mweupe ni maji yanayoingia kwenye oili. Fungua rejeta ikiwa baridi. Maji mekundu ya kutu yanakuambia gari limekunywa maji ya bomba badala ya kulanti, na rejeta, pampu na termostati vyote vimeteseka. Liwashe. Moshi wa bluu ni injini inayokula oili. Moshi mweupe kidogo asubuhi si neno, ila ukiendelea baada ya dakika kumi, ondoka. Kisha endesha mpaka Pongwe na kurudi ili giaboksi ipate joto, usimame, ukanyage breki, uhamishe kutoka R kwenda D. Ikichelewa kushika zaidi ya sekunde mbili, au ikashika kwa kishindo, imechoka. Giaboksi ya IST hii ni ya gia nne na oili yake ni T-IV; inayotoka kwa kufungua nati ya chini ni takriban lita 3. Vuta stiki yake unuse. Nyeusi yenye harufu ya kuungua haitibiwi kwa kubadilisha oili.

Halafu lala chini ya gari. Hapa Tanga hatusemi sana juu ya kutu na ndiyo inayotumaliza. Gari lililokuwa likilala Raskazone linapata chumvi ya upepo kila usiku. Chukua bisibisi ugongegonge kwenye vizingiti vya milango, shimo la tairi la akiba, mabano ya mikono ya magurudumu ya nyuma na bomba za breki zinazopita chini. Bati zima linalia kavu, lililooza linabonyea. Ukikuta rangi nyeusi ya lami imepakwa upya chini kote, iko laini bado, dai bei ya gari lenye kutu.

Karatasi usiziachie dalali. Ona kadi halisi, linganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizoko kwenye gari, angalia faini kwenye mfumo wa trafiki kwa namba ya gari, na uandikishane mkataba mbele ya wakili. Umiliki unahamishiwa kwenye mfumo wa TRA, muuzaji na mnunuzi wote wakiwa na TIN. Ukiacha kadi ikabaki na jina la mtu wa tatu, siku moja utamtafuta na hutampata.

SWALI: Mimi ni mtu wa Nissan tangu ujana. Nina X-Trail ya T31, injini ya 2000. Nikitoka Mombo kupanda Lushoto, katikati ya mlima inakosa nguvu, ikipumzika inarudi kawaida. Vijana wananiambia niiuze ninunue Toyota. – Mzee wa Soni

JIBU: Shikamoo, Mzee wetu. Usiiuze bado. Hiyo inaelekea ni giaboksi ya CVT iliyopata joto kupita kiasi. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili kwa presha ya oili. Oili ikichakaa na kupata joto presha inashuka, mkanda unataka kuteleza, na kompyuta ya gari inapunguza nguvu makusudi ili kuuokoa. Mlima wa Mombo hadi Lushoto, kilomita 30 na ushee za kona tupu, hauipi giaboksi nafasi ya kupoa.

Kwanza pima kwa kompyuta. Ukikuta msimbo wa hitilafu P0868, ni presha iliyoshuka. P1777 au P1778 ni mota ndogo inayoongoza uwiano wa puli. Kama hakuna msimbo wowote na gari halitetemeki kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa, una bahati, fanya haya: gari likiwa limepoa, fungua nati ya chini ya giaboksi, kinga oili yote kwenye chombo na uipime kwa lita. Shusha bakuli la chini. Humo kuna sumaku. Unga mwembamba wa kijivu ni kawaida, vipande vinavyochoma vidole ni beringi au mkanda unaokwisha, na hapo usipoteze pesa ya oili. Safisha sumaku, badilisha chujio la ndani na lile dogo la karatasi lililo kwenye kipoza oili, ambalo mafundi wengi hawajui kama lipo. Weka gasketi mpya. Rudisha kiasi kilekile ulichotoa, oili ya NS-2. Injini ikiwa inawaka, pitisha gia zote taratibu, kisha pima kwa stiki oili ikiwa na joto la nyuzi 50 hadi 80. Rudia kumwaga na kujaza baada ya kilomita elfu moja, kwa kuwa kumwaga mara moja hakutoi oili yote.

Kinachoziua CVT nyingi hapa kwetu ni fundi kuweka ATF, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, kwa kuwa nayo ni oili ya giaboksi na ni rahisi kupatikana. ATF haina mshiko unaotakiwa kati ya mkanda na puli. Kilomita chache tu mkanda unachora puli, na puli ikishachorwa hakuna oili inayoirudisha. Nunua oili wewe mwenyewe, na kopo lifunguliwe mbele yako.

Osha pia rejeta kwa maji ya presha ndogo ukitokea upande wa injini, uondoe vumbi na wadudu, na uhakikishe feni zote mbili zinazunguka. Mlimani kanyaga mafuta taratibu. Oili ya CVT ibadilishe kila kilomita 40,000 kwa barabara za kwenu. Na vijana waambie kwamba Toyota nyingi za leo, ile Ractis ya Mama Mwalimu ikiwemo, nazo ni CVT na zinakufa kwa ATF vilevile.

SWALI: Marekani kuna watu hununua gari la kwao tu. Sisi tukitaka kuwa wazalendo kwenye gari tunanunua nini? – Msomaji, Chumbageni

JIBU: Swali zuri. Kibaha kulikuwa na TAMCO iliyounganisha malori ya Scania, na hapohapo Kibaha kuna Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari kilichotengeneza malori. Leo Kibaha kiwanda cha GF kinaunganisha malori ya FAW ya China. Mwenye biashara ya kusomba mkonge au kokoto ana la kufikiria hapo. Anayetaka gari dogo la familia hana.

Hata huko Marekani mpaka wenyewe si safi kama watu wanavyoudhani. Mwaka 1984 General Motors na Toyota walifungua pamoja kiwanda cha NUMMI, Fremont, California. Humo ilitoka Corolla, na ikatoka pacha yake iliyouzwa kama Prizm kwa jina la Geo, baadaye Chevrolet. Wafanyakazi walewale, gari lilelile kwa sehemu kubwa. Wanunuzi wakaendelea kuithamini Corolla kuliko mwenzake, hasa ikishatumika. Camry nayo inatengenezwa Georgetown, Kentucky, tangu 1988. Kwa hiyo aliyekataa Toyota kwa kuwa ni ya nje alikuwa akikataa jasho la Mmarekani mwenzake, na aliyekataa Prizm kwa kuwa si Toyota alilipa zaidi kwa ajili ya nembo.

Uzalendo wa mwenye gari wa Tanga tunauona kwa fundi. Fundi wa Ngamiani mwenye kompyuta ya kupimia na anayesoma kitabu cha gari, mlipe vizuri. Huyo ndiye kiwanda chetu kwa sasa.

SWALI: Nabadilisha oili mwenyewe kwenye Probox yangu. Filta za oili zenye jina la Toyota ni nyingi mjini, nitajuaje ya kweli? Iliyopita gari lilikuwa linagonga sekunde chache kila asubuhi. – Dereva, Mikanjuni

JIBU: Kugonga huko ni cheni na mitambo ya juu kukosa oili kwa muda. Filta nzuri ina mpira ndani unaozuia oili kurudi chini gari likizimwa. Ya bandia ina mpira mgumu, au haina kabisa. Chungulia kwenye matundu madogo yanayozunguka tundu la katikati: utauona mpira huo, wa rangi yoyote, na ukiugusa kwa ncha ya kijiti unanepa na kurudi. Usiponepa, irudishe dukani.

Kwa 1NZ-FE ya Probox namba yake ni 90915-YZZE1. Iwe imeandikwa kwenye boksi na kwenye filta yenyewe, kwa herufi zisizofutika ukisugua na kidole chenye oili. Si lazima iwe na jina la Toyota. Filta ya kampuni nyingine inayojulikana yenye mpira mzima ni bora kuliko nembo ya kughushi. Paka oili mpya kwenye mpira wa nje, kaza kwa mkono hadi iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, bila spana. Weka lita 3.7, washa dakika moja, zima, subiri dakika tano, angalia stiki, halafu chungulia chini kama kuna tone.